Kabla ya kuilaumu rolipani, pima bodi

Malalamiko ni yale yale kila ninapokutana na wapenzi wa pikapu za zamani. Mtu ameng'oa bampa la nyuma, kaleta rolipani, ile paneli iliyopinda inayokaa mahali pa bampa chini ya mlango wa nyuma. Anaishikiza. Kushoto inaingia vizuri, kulia inaacha mwanya wa kupitisha kidole. Hukumu inatoka hapo hapo: aliyeitengeneza kalipua. Mbaazi akikosa maua husingizia jua. Kuna rolipani mbovu, sikatai, lakini nionavyo mimi, mara nyingi kilichopinda ni gari lenyewe.

Hebu tukumbuke haya magari yalikuwa ya nini. Ford F-100 ya 1956 au Chevrolet ya mwanzoni mwa miaka ya hamsini ilikuwa gari la kazi. Ilibeba mawe, mbao na mifugo, ikarudishwa kinyumenyume mpaka ikagusa ukuta, ikavutishwa tela. Bodi yake ya nyuma ni mabati mawili ya ubavuni, bati la mbele, mlango wa nyuma na mihimili ya chini, vyote vimeshikana kwa bolti. Baada ya miongo ya mizigo, bodi ya namna hiyo inakuwa imeegemea upande bila mtu kujua. Bampa la zamani lilikaa mbali kidogo, limefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo upande mmoja ukishuka jicho halikuwa na cha kulinganishia. Rolipani inakaa inchi chache tu kutoka ukingo wa mlango. Haina pa kuificha kasoro.

Ndiyo maana kazi inaanza na futi, drili inasubiri. Gari likae kwenye matairi yake, sakafu iwe sawa. Ukiliinua ncha moja kwa jeki, chesisi inajisokota na vipimo vyako vyote vinakuwa vya uongo. Pima kona kwa kona: mbele kushoto hadi nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo vikitofautiana, legeza bolti za bodi, funga mkanda wa kukazia kati ya zile kona mbili zenye kipimo kirefu na uvute taratibu hadi vilingane. Angalia pia raba na mbao zilizo kati ya bodi na chesisi. Moja ikioza, kona hiyo inashuka, na hakuna rolipani duniani itakayokaa sawa hapo.

Kisha mlango wa nyuma. Huu ndio mkubwa wa kazi yote, na ndio unaodharauliwa kwa sababu hauna mvuto wa kipande kipya. Ufunge, rekebisha bawaba hadi mianya ya pande zote mbili ilingane, ufungue na kuufunga tena na tena. Ukishatulia, paneli ya chini inaufuata mlango. Ukianza na paneli, mlango utalazimika kuifuata, nao una bawaba na komeo. Hauna nafasi ya kukubembeleza.

Kuhusu chuma au faibaglasi, watu hubishana kama timu mbili za mpira. Chuma unaweza kukichomelea na kukinyoosha, ila bati jembamba linajikunja kwa joto. Fundi mzuri huweka nukta moja hapa, moja kule mbali, anasubiri lipoe, hakimbizi mstari mzima kwa mpigo. Faibaglasi haina kutu na ni nyepesi, ila inataka washa pana, yaani vile vipete bapa vya chini ya bolti, na mkono mpole kwenye spana, na egzosi isiwe karibu nayo. Ninachokipinga ni kuunganisha faibaglasi na bati kwa puti ili kiungo kipotee kabisa. Vitu hivyo viwili havitanuki sawa juani, na ufa utatokea kwenye rangi kufuata mstari ule ule uliotaka kuuficha. Acha mwanya uonekane, uwe tu umenyooka.

Na kama paneli ya faibaglasi inabeba taa, vuta waya wa ethi, yaani wa kurudisha umeme, kutoka kwenye kila taa hadi kwenye chesisi. Taa nyingi za zamani zilipata ethi kupitia bati lililozishika. Faibaglasi haipitishi umeme. Unakanyaga breki, taa ndogo inafifia, indiketa inapepesa kwa unyonge, na mtu anabadilisha balbu mpaka anachoka.

Wako wanaosema kugusa sehemu ya nyuma ni kuharibu historia. Historia ipi? Mwaka 1955 Chevrolet yenyewe ilitoa Cameo kwa kufunika ubavu wa bodi ya kawaida kwa paneli za faibaglasi. Mwaka 1957 Dodge ikachukua mabawa ya nyuma ya gari lake la familia, ikayafunga kwenye pikapu na kuiita Sweptside. Viwanda vilikuwa vinafanya haya haya.

Pale ambapo mimi ni mgumu ni kwenye tangi. Pikapu za Chevrolet hadi 1972 zilikuwa na tangi ndani ya kebini, nyuma ya kiti, na wengi wanaozirekebisha leo hulihamishia chini ya bodi, nyuma ya ekseli. Sina neno na hilo, nani anataka kukaa na petroli mgongoni? Lakini mtu huyo huyo anaondoa bampa na kuweka bati jembamba lililopakwa rangi nzuri, halafu kati ya tangi na gari linalomfuata hakuna kitu. Fungeni boriti ya chuma ndani, nyuma ya rolipani, ishikwe na chesisi pande zote mbili. Haionekani, na unaweza kuipachika ndoano ya kuvutia ukitaka.

Rangi nayo isiharakishwe. Ningekuwa na gari hilo ningeliendesha kwanza na praima tu, ile rangi ya chini, kwenye barabara yenye mashimo, nikiwa na mzigo kidogo nyuma. Bodi itajiweka, bolti kadhaa zitataka kukazwa upya, mlango huenda ukashuka kidogo na paneli ikaanza kusugua kona moja. Yote hayo ni afadhali yatokee kwenye praima. Mianya ikiacha kubadilika, weka alama mahali pa kila bawaba, fungua vipande vyote na uvipake rangi vikiwa vimetengana, kingo za ndani zikiwemo, kwa sababu kutu huanzia humo.