Yule Dada wa Kwenye Kiitikio

Yule jamaa yangu ameshatupia voisi kwenye grupu kuhusu kilichonikuta studio kwangu, kwa hiyo acheni niseme mwenyewe. Sikuvaa khanga. Hiyo kaongeza yeye.

Mnaujua msimu wa korosho hapa Mtwara: hela ikiingia, kila mtaa una shughuli, na kila shughuli inataka wimbo wake. Mama mmoja wa Magomeni akaja kurekodi wa harusi ya bintiye. Sauti tumechukua safi kabisa, ile nasevu tu, umeme ukaenda. Kesho yake faili la projekti linasoma KB 0, yaani tupu. Cubase, programu yangu ya kurekodia, hailitaki hata kuliona.

Na mama huyo kafika na wenzake wa kikoba, wamejaa kwenye benchi, wanataka kusikia.

Cubase huwa inajiwekea nakala za .bak kwenye folda hiyohiyo ya projekti. Nikachukua ya kwanza niliyoiona, nikabadilisha mkia wa jina lake kuwa .cpr, ule wa faili za projekti, ikafunguka! Nikawageukia akina mama kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji, nikafungulia spika hadi barabarani, nikapleyi.

Sasa, ile nakala ilikuwa ya mapema mno. Mama hajaimba bado. Ilikuwa na ile sauti niliyoweka mimi ya kumwongoza.

Ya kike.

Biti ikaingia. Zikapita baa nne. Kisha mimi, puani, juu kabisa: "Mwanangu niliyekuzaaa..." Benchi kimya. Natafuta mausi, mausi imedondoka nyuma ya meza. "...kwa uchungu wa siku mbiliii..." Bodaboda kijiweni wakazima injini wasikie vizuri. Mama mmoja akauliza taratibu, "Huyu dada mtoto wa nani?" Nikagonga spesi, ikasimama. Kwa kiherehere nikagonga tena. "...ukaninyonyaaa..." Hapo ndipo jamaa alipotoa simu. (Wewe unayecheka, rekodi yako ya kwanza bado ninayo.)

Yaliyobaki mafupi. Faili la projekti ni maelekezo tu. Sauti zenyewe hukaa kwenye folda ya Audio, na faili za sauti (wav) za mama zilikuwemo zote. Nikaziburuta, nikazipanga kwa sikio, alasiri wimbo ukawa tayari.

Mama kalipa, ila kwa sharti: yule dada abaki kwenye kiitikio. Nimemshusha chini sana. Anayedai anamsikia, spika zake mbovu.