Ughaibuni si dawa ya endometriosi

Dada wa Nakuru au Kisumu akisema angekuwa Uingereza angeshapona, sisi tulio huku tunajua anajipa matumaini ya bure. Endometriosi, ugonjwa unaoleta maumivu makali ya hedhi, haina tiba ya kuimaliza popote. Hata kuitambua ni shida: mwaka 2024 shirika la Endometriosis UK liliripoti kwamba huku mwanamke husubiri kwa wastani miaka 8 na miezi 10, tangu amwone daktari mara ya kwanza, kabla ya kuambiwa anaugua nini.

Tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, kwenye ovari, nyuma ya mfuko au juu ya utumbo. Vidoa vidogo havionekani kwa ultrasaundi ya kawaida. Kwa hiyo picha safi, iwe ya London au ya Kisumu, haithibitishi kwamba huna ugonjwa.

Tofauti kubwa iko midomoni mwa watu. Nyumbani, ukikaa kwenye ndoa bila mtoto, swali litakukuta hata matangani, na ushauri ni mmoja: zaa, maumivu yataisha. Mimba huyatuliza maumivu kwa baadhi tu, tena kwa muda, na mara nyingine ugonjwa wenyewe ndio unaoizuia. Kumwambia mtu kwamba dawa yake ni kile anachokikosa ni ukatili, hata kama anayesema ni shangazi anayekupenda. Huku hukai ukiulizwa hivyo, lakini unaweza kulala sakafuni siku mbili na hakuna anayebisha hodi. Ukituuliza, upweke huo unavunja moyo kuliko maneno ya shangazi. Yeye angalau ataleta uji.

Kazini, tunakiri, huku ni afadhali. Ukiumwa siku zisizozidi 7 unajaza fomu mwenyewe, bila barua ya daktari. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kwa mwaka, ila kwa cheti cha daktari. Anayelazwa na maumivu siku 2 kila mwezi atazimaliza mwezi wa saba. Anayeuza mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu, hana hata hizo.

Kwa dawa za mwanzo, nyumbani hakuna upungufu wa kulilia. Ibuprofeni ya miligramu 400 kila baada ya saa 8, pamoja na chakula, ianze siku moja kabla ya hedhi. Wengi huimeza wakiwa tayari wamejikunja, wakati kemikali zinazokaza misuli ya mfuko zimeshatengenezwa, kisha wanasema haifanyi kazi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu amwulize daktari kwanza.

Depo, sindano ya kuzuia mimba ya kila miezi 3, nayo hutuliza ugonjwa. Miezi ya mwanzo huleta matone ya damu yasiyo na mpango, na hapo wengi huiacha. Anayetaka mimba karibuni asiichome, maana uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi hata mwaka mzima. Msichana asiyeolewa huogopa kuonekana kwenye foleni ya uzazi wa mpango. Mama yake akienda naye, midomo hupungua.