Maneno mepesi ndiyo yaliyotuponza

Mpwa wangu alipogundulika na saratani ya damu, dada aliniita hospitali: "Wewe umesoma, njoo usikilize wanachosema." Nikaenda na daftari. Niliandika lukemia, kimoterapia, vinkristini, metotreksati, kila neno gumu lililopita mbele yangu. Usiku nayasaka kwenye simu, asubuhi namfundisha dada. Nikajiona mtu wa maana.

Kumbe hayo hayakuwa na shida. Neno geni ukilisikia unajua hulijui, kwa hiyo unauliza. Kilichotuponza ni Kiswahili chetu wenyewe.

Chukua "kinga imeshuka". Daktari alilisema akipita kitandani, kwake ni habari ya kawaida kabisa. Dawa za saratani hushambulia seli zinazogawanyika haraka, na uboho ulio ndani ya mifupa, ambako damu hutengenezwa, nao huumia. Chembe nyeupe hupungua, mtoto hubaki bila walinzi kwa siku kadhaa, kisha chembe hizo hupanda tena. Dada hakusikia hayo. Kwa mtu aliyekulia Tanzania ya miaka ya tisini, kinga ikishuka ni ugonjwa mmoja tu unaotajwa. Siku mbili hakusema na mtu, akihesabu kimoyomoyo safari za mumewe. Mimi na daftari langu sikugundua lolote. Mama wa kitanda cha jirani ndiye aliyemwuliza, "Mwenzangu, nini kinakuliza hivyo?"

Au homa. Tulipoambiwa "akipata homa mrudisheni" tuliitikia haraka, maana nani asiyeijua homa? Kwetu homa ni panadoli, kitambaa cha maji na kusubiri kuche. Ikikaidi ndipo unakwenda kupima malaria. Lakini kwa mtoto ambaye chembe zake nyeupe ziko chini, nyuzijoto 38 ni dharura. Bakteria wakishaingia kwenye damu hawana wa kuwazuia, na antibiotiki ya mshipani inatakiwa saa hiyohiyo. Panadoli yenyewe inaweza kuishusha homa, ugonjwa ukaendelea kwa siri. Afadhali wangetupa kipimajoto na namba: ikifika 38, hata kama ni usiku wa manane, ondokeni.

Sasa neno lililo baya kuliko yote. Baada ya mwezi wa kwanza wa dawa, kipimo cha uboho kilirudi safi. "Ugonjwa hauonekani," tukaambiwa. Habari ilipofika kijijini ikawa "amepona". Bibi yake akachinja kuku, na shemeji akaanza kuulizia nauli ya kuwarudisha nyumbani. Sikuwalaumu. Mtoto anakula, anacheza, wewe ungeona nini kingine?

Kumbe hiyo ni rimisheni: seli za saratani hazionekani tena kwa hadubini, ila zilizojificha zinaweza kuwa nyingi bado. Ndiyo maana lukemia ya limfoblasti, aina inayowapata watoto zaidi, hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Ukiishia mwezi wa pili, hurudi, na ikirudi huwa ngumu zaidi kutibu. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, huku katika nchi nyingi maskini wakiwa chini ya asilimia 30. Kuacha matibabu njiani ni mojawapo ya sababu. Tunapenda kuwalaumu waganga wa kienyeji, umbali na umaskini, na ni kweli vyote vipo. Mimi naongeza na neno "amepona" kwenye orodha hiyo.

Palikuwa na sista mmoja, mama wa makamo, asiyependa maneno makubwa. Akishaeleza jambo alikuwa na swali lake moja: "Bibi yake akikupigia simu leo, utamwambiaje?" Kisha anakaa kimya kukusikiliza.

Dada alimjibu, "Nitamwambia mtoto amepona."

Sista akavuta kiti. "Hapana, mama. Mwambie ugonjwa umelala, haujafa. Tunataka tuumalize ukiwa usingizini." Najua mtaalamu angelieleza kwa maneno mengine, lakini bibi alipoambiwa hivyo alielewa. Asubuhi yake bibi alipiga simu tena, akataka kujua dawa za kuumalizia huo uliolala zinauzwaje, ili aangalie ni mbuzi gani wa kuuza.