Siku Mkuu Alipozifufua Pakiti Zilizokuwa Hai

Mkuu wetu wa kitengo cha mifumo haamini kitu mpaka akione kikipita kwenye skrini. Tabia hiyo ilitutokea puani mwisho wa mwezi mmoja, mishahara ilipokuwa imetoka na wateja wa Dar es Salaam wakitumiana fedha kwa simu kama ilivyo ada ya tarehe hizo.

Alipita mezani kwangu nikiwa nimefungua tcpdump, programu ya kuonyesha pakiti (vipande vya data) zinazopita, kwenye mashine inayowagawia seva zetu maombi ya wateja. Kila muunganisho mpya wa poti 443, mlango wa mtandao wa miunganisho salama, ulionyesha pakiti zake tatu za kupeana mkono, SYN (ombi la kuunganishwa), SYN-ACK (jibu la kukubali) na ACK (uthibitisho), kisha kimya.

"Kijana, hawa watu wanapiga hodi halafu hawaingii," alisema, akavuta kiti.

Nilimweleza kwamba wameshaingia. Prosesa ya mashine ile hushughulikia pakiti za mwanzo tu, kisha huusajili muunganisho kwenye jedwali la chipu maalumu ya FPGA, inayopangiwa kazi moja na kuifanya kwa kasi. Kuanzia hapo chipu hubadilisha anwani na kuzisukuma pakiti kutoka tundu moja la waya hadi jingine bila kuishirikisha prosesa, mpaka FIN au RST, pakiti za kufunga muunganisho, ifike. Kwa kuwa tcpdump husikiliza upande wa prosesa, yanayopita kwenye chipu haiyaoni. Nikaongeza kwamba prosesa ni kama mpiga debe wa Mbagala: gari likijaa linaondoka, yeye anabaki kituoni, hivyo si haki kumuuliza abiria wamefika Posta saa ngapi.

"Mpiga debe sijamwajiri mimi," alijibu. "Zima hiyo chipu tuone."

Niliandika pingamizi langu kwa barua pepe kwanza, kwani katika ajira maneno ya mdomo hayana shahidi, kisha nikaizima. Mzigo wote ukaiangukia prosesa, ikapanda hadi asilimia 100, na skrini ikafurika mistari isiyosomeka kwa wingi wake. Mkuu alisimama akapiga makofi.

Simu ya mezani ikalia. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa akilalamika kwamba watu wamekwama katikati ya miamala. Mkuu alininyang'anya mkonga.

"Dada, waambie waache uongo. Mimi nawaona hapa kwa macho yangu!"

Alichokuwa akikiona, kwa sehemu kubwa, ni SYN zilezile zikirudiwa, maana simu ya mteja isipojibiwa hubisha tena baada ya sekunde 1, kisha 2, kisha 4. Nilimwekea kidole kwenye namba moja ya poti ya mteja, inayotambulisha muunganisho wake, nikaifuata ikijirudia mstari hadi mstari, mpaka akaketi mwenyewe.

Tulipoiwasha chipu, wateja walitulia, skrini ikanyamaza, naye akaanza kuhangaika upya. Nilipendekeza tuchomeke kompyuta kwenye tundu la swichi (kifaa kinachounganisha mashine za mtandao) linalonakili trafiki, ambako pakiti zote huonekana, chipu iwe imewashwa au imezimwa. Alikubali mara moja, akauliza kwa ukali ni mzembe gani hakulifanya jambo hilo tangu mwanzo. Ikabidi mwenzangu amkumbushe, kwa heshima zote, kwamba kompyuta iliyonunuliwa kwa kazi hiyo iko ofisini kwake, na ndiyo anayotazamia mechi za Simba.