Usimwambie mama wa mtoto asiyesikia asubiri

Mama wa Nairobi akiuliza kwa nini mtoto wake wa mwaka na nusu hajatamka hata neno moja, hujibiwa vilevile kila anakokwenda: kwa nyanya ya mtoto, kwa majirani wa ploti, kanisani, na mara nyingi mno kwenye kliniki yenyewe. "Ngoja, atasema tu. Hata babake alichelewa." Jibu hilo hutolewa kwa upendo. Naamini pia kwamba ndilo linalowakosesha watoto wetu faida ya kipandikizi cha koklea, kifaa kinachowekwa kwa upasuaji katika sikio la ndani ili kiziwi apate kusikia, kuliko bei yake, ingawa bei yenyewe hufika mamilioni ya shilingi. Pesa huweza kuchangishwa. Miaka miwili ya kwanza ya mtoto haichangishwi na mtu.

Mtoto huanza kusikia angali tumboni, katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Sehemu ya ubongo inayopokea sauti hujengwa na sauti zenyewe. Isipozipata, nafasi yake huanza kuchukuliwa na kazi nyingine, kama vile kuona. Ndiyo maana kipandikizi kilekile, mikononi mwa daktari yuleyule, kinaweza kumpa mtoto wa mwaka mmoja lugha nzima, na kumpa kijana wa miaka 14 aliyezaliwa kiziwi mlio wa honi na mlango ukibishwa, pengine na maneno machache. Mtu mzima aliyepoteza usikivu baada ya kujua kusema ni suala tofauti kabisa. Ubongo wake tayari una lugha, na anaweza kufaidika hata akiwa na miaka 70. Wazee wengi hawajui hilo, na madaktari wao hawawaambii.

Wanaomtuliza mama huyo hutegemea kile kipimo cha nyumbani: piga makofi nyuma ya mtoto, angusha sufuria, uone kama atageuka. Kipimo hiki hudanganya kwa njia kadhaa. Sufuria ikianguka hutikisa sakafu, na mtoto huhisi mtikisiko. Mkono unaopiga makofi hutupa kivuli na kupuliza upepo. Zaidi ya hayo, mtoto anaweza kusikia ngurumo ya lori na asisikie kabisa "s", "sh", "f" na "t", yaani sauti nyembamba ambazo bila hizo maneno hayashikiki. Kugeuka kwake si ushahidi wa kusikia maneno.

Kanuni inayofuatwa katika nchi zilizojipanga ni 1-3-6: mtoto awe amepimwa masikio kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Hapa kwetu wazazi wengi huanza kutafuta jibu mtoto akiwa na miaka miwili au mitatu. Naona tungeweza kulibadilisha hilo bila kujenga hospitali hata moja mpya, kwa sababu njia tayari tunayo: chanjo. Mama wa Kayole au Kibera anaweza kukosa miadi mingine yote, lakini BCG ataifuata, na ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 pia. Mashine ndogo ya kupima mwangwi wa sikio hushikwa mkononi. Kijiti chenye mpira laini huingizwa kwenye tundu la sikio, hutoa mlio mdogo, na sikio lenye afya hurudisha mwangwi ambao mashine huunasa. Mtoto akiwa amenyonya na kulala, kazi ni ya dakika chache tu.

Wanaopinga husema kwamba watoto wengi huanguka kipimo hiki hali wanasikia. Ni kweli, hasa kikifanywa saa chache baada ya kujifungua, kwa sababu sikio bado lina majimaji na utando wa kuzaliwa, na wodi ina kelele. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kukirudia wiki ya 6. Ni wiki mbili nje ya kanuni, najua, lakini ni afadhali mara mia kuliko miaka mitatu. Kasoro nyingine ni nzito zaidi na hutajwa mara chache. Mwangwi hupima seli za koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, haupimi neva inayoipeleka sauti kwenye ubongo. Mtoto aliyelazwa chumba cha watoto mahututi, aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyekosa hewa au aliyepata umanjano mkali anaweza kupita kipimo cha mwangwi na asisikie chochote cha maana. Huyo anahitaji kile cha kubandika waya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio ili kusoma jibu la neva na shina la ubongo.

Hapo ndipo ninapotaka kusema na wenzetu wa tiba, kwa sababu kutojua hakuko mitaani peke yake. Mtoto aliyepona homa ya uti wa mgongo hupewa ruhusa kwa furaha: homa imekwisha, anakula, aende nyumbani. Kumbe baada ya maambukizi hayo koklea inaweza kuanza kuota mfupa ndani, na kazi hiyo huanza katika wiki chache tu. Mfupa ukijaa, uzi wa kipandikizi wenye elektrodi, yaani ncha ndogo za umeme, hauingii, au huingia nusu. Kwa hivyo usikivu wa mtoto huyu upimwe kabla hajatoka wodini, au isizidi wiki 4 baada ya kutoka, na akionekana hasikii apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo kwa dharura, pamoja na picha za CT na MRI. Kwa watoto wengine huwa tunajaribu kwanza vifaa vya kawaida vya kusaidia kusikia kwa miezi 3 hadi 6. Kwa huyu, majaribio hayo yanaweza kumfungia mlango. Mstari mmoja kwenye karatasi ya kuruhusiwa, "apimwe usikivu", ungetosha, na karatasi nyingi hazina mstari huo.

Dawa nazo zina sehemu yake. Jentamisini na amikasini, antibiotiki zinazoweza kuharibu usikivu, huokoa maisha ya watoto wachanga kila siku, na sisemi ziachwe. Nasema mtoto aliyezipata kwa siku nyingi, hasa figo zikiwa dhaifu, aandikwe kwenye orodha ya kupimwa masikio. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu waliodungwa kanamisini, dawa ya kundi hilohilo, katika miaka iliyopita wapo, wengine wamepoteza usikivu wote, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba kuna kipandikizi.

Kifaa chenyewe si shimesikio kubwa, ingawa watu hukichanganya hivyo. Shimesikio hukuza sauti na kuisukuma kwenye sikio lililochoka. Kipandikizi hulipita sikio. Nje kuna prosesa yenye maikrofoni na betri, pamoja na koili inayoshikwa kichwani na sumaku. Ndani, chini ya ngozi nyuma ya sikio, kuna kipokezi, na uzi wenye elektrodi 12 hadi 22, kutegemea kampuni, ambao huingia kwenye koklea, kiungo kidogo kama punje ya minji kilichojiviringa mara mbili na nusu. Elektrodi hizo hushtua neva moja kwa moja. Kama neva haipo, kipandikizi hakifai, na ndiyo sababu MRI si anasa ya hospitali. Upasuaji huchukua saa 2 hadi 3. Kabla yake mtoto apate chanjo ya nimokoki, bakteria wanaoweza kuleta homa ya uti wa mgongo, maana vijidudu vya sikio vinaweza kupita na kufika kwenye utando wa ubongo.

Baada ya wiki 2 hadi 4, kifaa huwashwa. Video za siku hiyo ndizo zinazosambazwa WhatsApp, mtoto akishangaa, mama akilia, na zimetujengea dhana mbaya kwamba mambo yamekwisha. Siku hiyo mtoto ana umri wa kusikia wa siku moja. Wengi hulia au hukitupa, na si dalili ya kushindwa. Mtaalamu wa usikivu hurekebisha kila elektrodi, sauti ya chini kabisa inayosikika na ya juu isiyoumiza, tena na tena katika mwaka wa kwanza, na mtoto hukivaa saa zote akiwa macho. Kukivaa shuleni tu na kukifungia kabatini wikendi ni kuupa ubongo sauti kwa vipande.

Na hapa harambee zetu hukosea. Tunachangisha upasuaji, tunapiga picha, tunafunga kikundi. Hakuna anayechangisha kebo. Kebo ya koili ndiyo hukatika upesi kwa mtoto anayecheza, na mtoto aliyekatikiwa kebo ni kiziwi hadi nyingine ipatikane. Kabla ya kulipa hata shilingi, omba bei iliyogawanywa: kifaa cha ndani, prosesa, upasuaji, vipindi vya marekebisho, vipindi vya mazoezi ya lugha, kebo 2 za akiba, betri za mwaka. Uliza dhamana ya prosesa ni ya miaka mingapi na vipuri viko Nairobi au huagizwa. Uliza SHA (mamlaka ya bima ya afya ya serikali) au bima yako italipa kipi kati ya hivyo, ukitaja kimoja kimoja. Kamati ya harambee iweke akiba ya kubadilisha prosesa, kwa sababu kifaa cha ndani kimekusudiwa kudumu miaka mingi sana, lakini prosesa huchakaa na kampuni huacha kutengeneza vipuri vyake.

Betri za kutupwa ziwe zile za 675 zilizotengenezwa kwa vipandikizi. Za 675 za shimesikio hufanana nazo kwa umbo lakini hazina nguvu ya kutosha, na kifaa huzimika ovyo. Ukibandua kibandiko, ziache dakika chache zivute hewa kabla ya kufunga. Za kuchajiwa ni nafuu kwa muda mrefu, ila stima zikipotea Jumapili usiku, Jumatatu mtoto huenda shule bila kusikia. Kwa hiyo weka pakiti moja ya zile nyingine. Kila usiku prosesa ilale kwenye kikopo chenye dawa ya kunyonya unyevu, betri za kutupwa zikiwa zimetolewa, la sivyo nazo zitakauka. Jasho na unyevu huharibu prosesa. Mtoto akimeza betri, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Ngozi chini ya koili ikiwa nyekundu au ikiuma, sumaku ni kali mno; omba ya nguvu ndogo kabla haijawa kidonda. Na kadi ya kipandikizi isiachwe nyumbani, kwa sababu sumaku ya ndani hubadilisha masharti ya MRI, na mpasuaji asitumie kisu cha umeme cha ncha moja karibu na kichwa na shingo.

Jambo la lugha nalo lisipuuzwe. Vipindi vingi vya mazoezi hapa hufanywa kwa Kiingereza, halafu mtoto anarudi nyumba inayoongea Kiswahili. Mtoto ajifunze lugha ya anayemwogesha na kumlisha. Kiswahili kinamfaa sana, kwa silabi zake zilizo wazi. Lugha zenye toni, kama Gĩkũyũ na Dholuo, humtaka bidii zaidi kwa kuwa kipandikizi hupitisha vibaya tofauti ya kupanda na kushuka kwa sauti, lakini bidii hiyo si sababu ya kumnyima lugha ya kwao. Sikubaliani pia na wanaokataza ishara. Katiba ya 2010 imeiweka Lugha ya Ishara ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Mtoto anayesubiri upasuaji anahitaji lugha leo, na betri ikiisha bado ataihitaji.

Kila asubuhi, prosesa ikishavaliwa, simama hatua moja nyuma ya mtoto, mdomo wako asiuone, utamke sauti sita: "aa", "uu", "ii", "mm", "sh", "s". Ainue mkono au aziigize. Akikosa "sh" na "s" tu, kagua kwanza kifuniko cha maikrofoni kama kimeziba kwa vumbi. Akikosa zote, badilisha betri, kisha kebo, kisha koili. Akiendelea kukosa, mpeleke kwa mtaalamu wake siku hiyo hiyo, hata kama miadi yake ni ya mwezi ujao.