Kipeperushi cha wasomaji kiachwe na nafasi ya kuandika

Ukienda maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni, hapa Dodoma, unatoka na mfuko mzima wa vipeperushi: mbegu, mikopo, bima, pampu za maji. Baada ya wiki vimewashia jiko. Nimeliwaza sana jambo hili tangu mdogo wangu na wenzake wa chuo watengeneze aplikesheni ya kufuatilia usomaji. Unaingiza jina la kitabu, kila jioni unaandika umefika ukurasa wa ngapi, nayo inakuonyesha umesoma siku ngapi mfululizo na umebakiza kiasi gani. Wakaniomba niwasanifie kipeperushi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Cha kwanza nilikijaza. Karatasi ya A4 ukiikunja mara mbili iwe sehemu tatu, inakupa kurasa sita, kila mmoja hata sentimita 10 za upana haufiki, na mimi nikabanamo mambo tisa ambayo aplikesheni inafanya, na picha za skrini ndogo kama stempu. Jalada nililipa zambarau ya zabibu, maana huku kwetu ndiko kwa zabibu. Kwenye kompyuta iliwaka. Zilipotoka dukani nakala 500, zambarau ilikuwa imefifia, inaelekea kahawia. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine ya kuchapa hutumia wino wa rangi nne, na zambarau kali ni kati ya zile ambazo wino hauziwezi. Tangu siku hiyo nalibadilisha faili liwe la rangi za wino kabla sijachagua hata rangi moja, na sikubali kazi ianze kuchapwa kabla sijashika nakala moja ya majaribio mkononi.

Tukavigawa hivyo hivyo. Saa sita mchana, Nyerere Square, jua la Dodoma mnalijua. Tulichapa kwenye karatasi ya kung'aa, na nikaona watu wanakigeuzageuza wapate pembe isiyowamulika machoni, kisha wanakikunja na kukitia mfukoni bila kusoma. Karatasi isiyong'aa haipendezi sana mezani kwa mchapaji, lakini nje, kwenye mwanga huu, ndiyo inayosomeka.

Somo kubwa nililipata soko la Majengo. Nilirudi siku ya tatu kununua nyanya, nikakikuta kipeperushi changu kwenye meza ya mama mmoja anayeuza zabibu, kimebanwa chini ya mzani. Nikamwamkia, nikamuuliza kama amekisoma.

"Marahaba, mwanangu. Hapana, ila nimekitunza, kina nafasi nzuri huku nyuma."

Ukurasa wa nyuma nilikuwa nimeuacha mweupe, una nembo tu. Ameuchora mistari kwa kalamu ya bluu, akaandika majina ya wanaodaiwa, na mbele ya kila jina kiasi alicholipa na kilichobaki. Katika nakala 500, hiyo ndiyo niliyoiona ikitumika kila siku, na ilikuwa inafanya kazi ile ile ambayo aplikesheni inataka kumfanyia msomaji: kuandika ulipofikia.

Ndiyo maana nasema kipeperushi cha aplikesheni ya namna hii kiwe chenyewe daftari dogo. Ukifungua ndani, kurasa tatu zote ziwe jedwali la siku 30: tarehe, kitabu, ukurasa. Mtu aanze kuhesabu kwa kalamu leo, hata kama mkononi ana kitochi, hata kama bando limekata. Akizoea kwa wiki mbili, aplikesheni haihitaji kumbembeleza. Karatasi isiyong'aa ina faida hapo pia, kalamu ya kawaida inaandika bila kuchafuka.

Jalada liwe na swali moja kubwa: "Umefika ukurasa wa ngapi?" Ndivyo tunavyoulizana. Na picha iwe ya kitabu kama tunavyokijua, kimevalishwa gazeti kisichakae, katikati kimechomekwa tiketi ya basi kuonyesha msomaji alipoishia. Nimeona vipeperushi vingi vya mambo ya kusoma vyenye watoto wa ughaibuni kwenye maktaba za vioo. Vinasikitisha, kwa sababu vinamwambia mtoto wa Chamwino kwamba kusoma ni jambo la kwingine.

Msimbo wa QR uwe nyuma, mweusi juu ya nyeupe, usipungue sentimita 2 kila upande, na pembeni uachiwe ukingo mtupu, la sivyo kamera ya simu inahangaika. Chini yake paandikwe aplikesheni ni MB ngapi na kama inafanya kazi bila intaneti. Kila niliyempa kipeperushi, kabla ya kuuliza inafanya nini, aliuliza inakula kiasi gani cha bando. Na ukurasa unaokunjwa kuingia ndani uwe mwembamba kwa milimita 2 kuliko wenzake, usije ukajikunja ncha.

Toleo la pili nimelikamilisha juzi. Nakala ya majaribio ninayo mezani. Jalada sasa ni jeusi na njano, swali linasomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Mdogo wangu ameshajaza mistari minne ya kwanza. Jumapili ameiruka, akaanza tena Jumatatu, ukurasa wa 61. Nyingine nimeitenga kwa ajili ya mama wa Majengo, na kwake nimeuacha ukurasa wa nyuma mweupe.