Je, Bongo Fleva Iliikimbia Mitaa Yake?

Lawama ya kwamba wasanii wa Bongo Fleva waliitupa mitaa yao na kwenda kushuti video Afrika Kusini ina ukweli ndani yake. Video za Dar es Salaam za miaka ya 2000, hata zile zenye picha hafifu, zilimwonyesha mtazamaji daladala, vibaraza na kanga anazozifahamu. Zilizofuata zikajaa majumba ya kifahari ambayo mtu hawezi kusema yako mji gani. Fedha za kamera, taa na wanenguaji nazo zikabaki hukohuko ugenini.

Hata hivyo, wanaolaumu husahau kuuliza ni nani aliyekuwa ameshika mlango. Msanii aliyetaka kuonekana Lagos na Johannesburg alihitaji vituo vya televisheni vya muziki kama Channel O, au MTV Base iliyoanza kurusha matangazo Afrika mwaka 2005, na video yenye picha duni haikuwa na nafasi huko. Diamond Platnumz aliposhuti "Number One" Afrika Kusini mwaka 2013, chini ya uongozaji wa Ogopa, kampuni ya Kenya, alikuwa akilipia kiwango hicho, na muda si mrefu Davido wa Nigeria akashiriki katika toleo la pili la wimbo huohuo. Sioni usaliti hapo.

Mwaka 2020 Diamond akawa msanii wa kwanza kusini mwa Sahara ambaye video zake kwenye YouTube zilitazamwa jumla ya mara bilioni 1. Ni kweli kwamba hesabu hiyo si ya vichwa vya watu, kwani shabiki mmoja huweza kurudia video mara kumi, na kwamba tangazo la YouTube linaloonwa Mbagala, Dar es Salaam, humlipa msanii kidogo kuliko linaloonwa London. Lakini kila anayerudia video kwa simu anakatwa bando lake mwenyewe, na hakuna mhariri wa kituo aliyemchagulia. Nguvu ya kuamua kinachotazamwa ilihamia kwa mtu huyo, na hilo lisingetokea kwa urahisi bila video zile zilizolaumiwa kuwazoesha watu wa nje kumtazama Mtanzania.

Mwaka huohuo "Waah!", aliyoimba na Koffi Olomide wa Kongo, video yake iliongozwa na Director Kenny, Mtanzania; ujuzi, basi, umerudi. Mitaa ndiyo bado inaonekana kwa nadra, na kwa hilo lawama ina haki, kwa sababu leo hakuna kituo kinachomzuia msanii kuuweka mtaa wa Dar es Salaam kama Tandale mbele ya kamera.